Kofia ya Chifu Ilirudishwa

Siku ambayo mke wa chifu alikuja kuchimba mtaro pamoja nasi naikumbuka kama ya juzi, mjukuu wangu Mumo. Jembe lilikuwa begani, leso ameikaza kiunoni, na miguuni hakuwa na viatu. Watu wote tuligeuka kumtazama. Hata Katunge, kiongozi wetu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikosa la kusema, alisimama na filimbi mdomoni bila kuipuliza.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jumapili ile uliponisomea mipango ya harusi yako kwenye simu, nilikuwa nachambua mbaazi, na nikaacha kuchambua. Ulisema kundi la jamaa umelibadilisha jina, sasa linaitwa Ukoo Mtukufu. Ulisema baba yako atatangazwa kuwa Mheshimiwa, baba yako mdogo atakuwa Bwana Mkubwa, wewe utaingia ukiitwa Mwana wa Enzi, na mimi nitatangulia mbele yenu nikiitwa Malkia Mama. Malkia, mimi, na magoti haya. Kisha ukasema umekodi viti vya kifalme pale Machakos mjini, vile vyekundu vyenye miguu ya rangi ya dhahabu, vipangwe upande wetu. Nikakuuliza wakwe zetu wa Wamunyu watakalia nini.

Ukaniambia, "Susu, hao ni watu wa kawaida tu. Wako na viti vya plastiki."

Baba ya huyo msichana unayemwoa ni mchongaji. Ametengeneza viti maisha yake yote, na wewe unataka kumketisha kwenye plastiki.

Sikukujibu. Unanijua, maneno hunikwama nikiwa mbele ya watu, na siku hiyo nyumba ilikuwa imejaa wanakamati wako. Nimekuwa hivyo tangu usichana. Kwa hiyo nimechukua kalamu, ingawa masomo yangu yaliishia shule ya msingi na mkono wangu ni mzito. Nimeandika kidogo leo, kidogo kesho, na kila nikirudi kuandika nakuta hasira bado iko. Basi usome pole pole kama nilivyoandika.

Unasema haki ya majina hayo umeipata kwa sababu wewe ni kitukuu cha chifu. Ni kweli, babu ya baba yako alikuwa chifu huku Ndithini. Mimi nilikuja kuolewa na mwanawe mdogo, ndiye babu yako. Lakini siku ninayokuambia nilikuwa bado msichana wa kwetu, jirani tu, na chifu mwenyewe alikuwa amestaafu na kufa. Aliyebaki pale boma lake ni mjane wake, Mbithe, ambaye nyinyi mmemjua kwa picha ile ya ukutani. Babu yako alikuwa bado anafanya kazi mbali, Mombasa, na mambo ya nyumbani yalikuwa mikononi mwa kaka yake mkubwa, Kimeu.

Huyo Kimeu sasa. Alikuwa na kazi ya ofisi Machakos na gari dogo jeupe. Hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Lakini alikuwa na ugonjwa huu huu wako. Alipaka maandishi kwenye lango la mama yake: Kwa Mtukufu Chifu. Ukimsalimia kwa jina lake alikutazama kama umemkanyaga. Alitaka kuitwa Mwana wa Chifu, na watoto wake waitwe wajukuu wa chifu, kana kwamba hicho ni cheo. Siku moja kanisani, baada ya ibada, alitueleza kwamba kuna watu wa tabaka la juu na watu wa tabaka la chini, na kwamba damu ya uongozi hairuki nyumba. Tulimsikiliza kwa heshima. Kisha tukaenda nyumbani kupika.

Wakati huo tulikuwa na mwethya. Wewe umekulia Syokimau, kwa hiyo nitakueleza. Mwethya ni majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Leo tunachimba mitaro kwako, siku nyingine kwangu, ili mvua isibebe udongo. Mitaro yote unayoiona kwenye kilima ukija huku, ile unayoipiga picha ukisema ni mizuri, ilichimbwa kwa mikono hiyo. Mkono mmojawapo ni huu unaoandika.

Mwethya wetu ulikuwa na utaratibu wake. Asubuhi Katunge aliita majina ya watu kwa kichwa, hakuhitaji kuandika popote. Na hakukuita kwa cheo, wala kwa jina la baba. Alikuita kwa jina lako na la mama yako. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa Musyoka wa Nduku. Katekista alikuwa Mutinda wa Kavata. Ukiitwa unaitika, unapimiwa kipande chako kwa fito, unachimba. Ukimwita mwenzako kwa cheo mkiwa kazini, adhabu yako ni kwenda mtoni kuleta maji ya kunywa. Mwanamke mmoja alikuwa amezoea kumwita Musyoka mwalimu, kwa kuwa alimfundisha kusoma, na msimu ule alienda mtoni mara nyingi hadi punda wake akajua njia. Tulicheka sana. Musyoka mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Na kulikuwa na jambo lingine. Mjane mzee hakuchimba. Alikuja kukaa tu, akatuchekesha, akaonja uji kama umeiva, na zamu yake ikifika tukamchimbia kama wengine. Mbithe alikuwa katika hao. Alikuwa anapenda sana kuja. Alikuwa akikaa karibu na sufuria, akiwaambia wasichana wachanga kama mimi mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kimeu ndiye aliyemtoa. Alikuja siku moja akamwambia Katunge kwamba nyumba ya chifu haiwezi kuhesabiwa pamoja na wajane wa kusaidiwa, kwamba inashusha heshima ya ukoo, na kwamba kuanzia siku hiyo mama yake asiitwe. Kazi ya shamba atalipa vibarua. Katunge alimuuliza kama mama yake amekubali. Kimeu akasema katika nyumba yao mambo kama hayo huamuliwa na mwana mkubwa.

Sawa. Tukaacha kumwita.

Vibarua walikuja mara moja. Walichimba mitaro ikaelekea bondeni badala ya kufuata ubavu wa kilima, kwa sababu hakuna aliyewasimamia, na wao walitaka kumaliza waende. Mvua ya vuli iliponyesha, maji yakaingia kwenye mitaro hiyo yakashuka kama yamefunguliwa mlango. Mvua ilipoisha kulikuwa na korongo juu ya boma la Mbithe ambalo mbuzi alikuwa anaweza kupotelea ndani. Lilikuwa limekula shamba la mbaazi, limekula njia, na mdomo wake ulikuwa umefika nyuma ya ghala. Baada ya ghala ni nyumba. Kila mtu aliyepita pale aliona wazi kwamba mvua nyingine kubwa ikija, ile nyumba haitabaki.

Kimeu aliona pia. Suluhisho lake lilikuwa kumhamishia mama yake mjini. Mbithe akakataa. Mbuzi wake wako pale, kitanda chake kiko pale, mume wake amezikwa pale karibu na mwarobaini. Alisema mjini ataenda akiwa mgonjwa, na yeye si mgonjwa.

Basi Kimeu akatuma kibarua mmoja aje kwenye mwethya kwa niaba ya nyumba yao, ili na sisi twende kuchimba kwao. Kijana wa watu alifika na jembe jipya. Katunge akampa uji, akamwambia mwanangu, rudi, mwethya haukodishwi. Jioni hiyo Kimeu alikuja mwenyewe, akatukuta tunaosha majembe. Hakusalimu.

"Mnajua mnakataa kumsaidia nani?" alisema. "Mnajua mimi ni mwana wa nani?"

"Tunajua," Katunge akasema, bila kuinua kichwa. "Wa Mbithe."

Watu wakacheka, na nafikiri kicheko hicho ndicho kilichomwumiza. Akasema kwamba sisi ni watu wadogo wenye wivu. Katunge akamweleza taratibu, kwa sababu alikuwa na subira akitaka, kwamba hakuna anayemkataa mama yake. Yeye Kimeu ndiye aliyemtoa kwa wajane wa kuchimbiwa bure. Kama anataka nyumba yao irudi, mtu wa nyumba hiyo aje, aitwe, aitike, achimbe kipande chake. Hata siku moja tu. Kimeu akasema mwana wa chifu hatapimiwa udongo kwa fito na mwanamke, akaingia garini akaenda.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Masinga. Sisi tulikuwa tumekasirika, na yeye alikuwa amekasirika, na mama mzee alikuwa katikati na korongo lake. Mimi nilitaka sana kusema kitu. Nilitazama miguu yangu tu.

Siku ya kazi iliyofuata ndipo Mbithe alipokuja, kama nilivyokuambia, na jembe begani. Alitembea hadi mbele ya Katunge akasimama kwenye mstari pamoja na wengine.

Katunge alijaribu kumkalisha. Akamwambia, "Mwaitu, mama yangu, kaa hapo kwenye kivuli. Tutaangalia hiyo mambo yako."

Mbithe akasema, "Mtoto wangu alisema mimi si mjane wa kusaidiwa. Basi nipimie."

Akapimiwa. Kipande chake kilikuwa karibu na changu. Nilijaribu kumchimbia pembeni akiwa ameinama hanioni, na akanipiga kidogo mkononi kwa mpini. Akasema kama nataka kuolewa kwake siku moja nijifunze kuacha kazi ya wengine. Sijui alijuaje. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Alichimba vizuri, lakini polepole mno. Alikuwa anapiga jembe, anapumzika, anarusha udongo juu kwa koleo, anapumzika. Sisi tuliokuwa karibu tulikuwa tunakosa nguvu kwa kumtazama. Hakuna aliyeimba. Jua lilikuwa limepanda wakati gari jeupe lilipokuja kwenye njia ya juu. Mtu alikuwa amempelekea Kimeu habari. Akashuka, koti na tai, akateremka akiteleza kwenye udongo mpya.

"Mama, toka hapo," akasema. "Mke wa chifu hashiki jembe mbele ya watu. Unatuaibisha."

Mbithe alimaliza kwanza udongo uliokuwa kwenye koleo. Kisha akajinyoosha, mkono kiunoni.

"Chifu yupi?"

"Mama, tafadhali."

"Nakuuliza, chifu yupi? Chifu wa sasa ana mke wake, nimemwona sokoni, ni mnene. Mimi nilikuwa mke wa Nzioka."

Kimeu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanasikiliza. Mama akasema hiyo ni vizuri, hatalazimika kurudia. Na mwanangu, maneno aliyosema baada ya hapo nimeyabeba mpaka leo, na nakupa wewe uyabebe.

"Nzioka alikuwa chifu, ndiyo. Serikali ilimpa kofia, mkanda na kifimbo. Siku ya kustaafu, serikali ikataka vitu vyake. Nilivifunga mimi mwenyewe ndani ya leso yangu, akavipeleka Machakos. Akarudi kichwa wazi. Hiyo leso pia hakuirudisha." Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. "Nikampa maziwa lala, akanywa, akachukua jembe akaenda kupalilia mbaazi. Hakuniambia kwamba kuna kofia nyingine amekuachia. Kama unayo, Kimeu, ivae tuione."

Kimeu alitazama gari lake kule juu.

"Sisi hapa hatujawahi kuwa na mfalme," mama akaendelea. "Wafalme tuliwasoma kanisani, na wengi wao walikuwa wabaya. Hao unaowaita watu wadogo ndio waliobeba jeneza la baba yako, wakachimba kaburi lake. Hawakuuliza ni kaburi la tabaka gani. Sasa kipande changu ni hiki hapa. Nikikimaliza, hawa watu watakuja kwangu. Nisipokimaliza, nyumba inaenda. Mimi sihami. Kwa hivyo unisaidie, ama uondoe hiyo gari njiani, akina mama wanataka kupita na karai."

Akainama akaendelea kuchimba.

Nakuambia ukweli, nilimwonea huruma Kimeu. Kusimama pale na tai, mama yako mzee anachimba miguuni pako, na kijiji chote kimekutazama. Angeweza kupanda gari akaenda. Nilidhani ataenda. Gari lilikuwa bado linanguruma kule juu.

Ndipo Katunge akafanya jambo ambalo nilimpendea maisha yake yote. Hakumcheka. Alisimama mahali pake pa asubuhi, akaita kwa sauti ile ile anayowaitia watu wote, kana kwamba kazi ndiyo inaanza.

"Kimeu wa Mbithe."

Hata wale wenye karai walisimama.

"Kimeu wa Mbithe," Katunge akaita tena.

"Niko," akasema Kimeu. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto wa shule.

Akapanda kuzima gari. Akavua koti, akavua viatu, akarudi akachukua jembe mkononi mwa mama yake. Alichimba vibaya, nikuambie. Alirusha udongo upande wa chini, tukampigia kelele, akarudia. Viganja vyake vilichubuka kabla ya uji. Lakini alimaliza kile kipande, na mama yake akaenda kukaa karibu na sufuria, mahali pake, akaanza kutuambia yale mambo yake.

Katunge hakungoja zamu. Siku ya kazi iliyofuata sote tulikuwa kwa Mbithe. Tuliziba mdomo wa korongo kwa mawe na matawi, tukachimba mitaro mipya ikifuata ubavu wa kilima, tukapanda nyasi juu ya matuta. Kimeu alikuwepo, na hiyo zamu alikuwa amekuja na kaptura. Mvua iliponyesha tulitoka nje kutazama. Maji yalishuka, yakafika kwenye mtaro wa juu, yakasimama. Nyumba ile ndiyo niliyoolewa ndani yake. Ndiyo aliyozaliwa baba yako ndani yake. Ndiyo uliyolala ndani yake Krismasi, ukalalamika kwamba haina mtandao.

Usifikiri Kimeu aligeuka malaika. Mjini aliendelea kupenda kuitwa mkubwa, na maandishi ya lango hakuyafuta, mvua na jua ndivyo vilivyoyafuta. Lakini kila zamu ikifika alikuja, akaitwa, akaitika. Alipokufa, waliochimba kaburi lake walikuwa wengi mpaka majembe yakagongana.

Sasa nakurudia wewe. Nimechoka, Mumo, lazima niseme. Nimechoka kusikia Mheshimiwa huku na Mheshimiwa kule. Siku hizi mtu akipata gari ni Mheshimiwa. Akikodi hema ni Mtukufu. Kijana anayeniletea maji kwa boda boda anajiita Mfalme, ameandika mgongoni mwa koti, na hajamaliza kulipa ile pikipiki. Waganda wana Kabaka wao, watu wa Mumias wana Nabongo wao, Waingereza wana malodi wao na wanajua walivyowapata. Sisi hatuna. Hilo si upungufu. Tulikaa bila wafalme na tukachimba mlima mzima.

Ninachokutaka ni hiki. Rudisha vile viti vyekundu. Ukivipenda sana, waketishe wakwe zetu, maana wao ndio wageni, na sisi tukae kwenye plastiki. Lifute hilo jina la Ukoo Mtukufu kwenye simu. Mwambie mtangazaji wako kwamba mimi nikiingia aniite Susu yake Mumo, inatosha, nilifanya kazi kulipata jina hilo. Kabla ya harusi nenda Wamunyu, si na gari la kukodi, uketi kwenye karakana ya yule mzee, umtazame akifanya kazi, usafishe vumbi la mbao akimaliza. Ukitaka kuheshimiwa, usiwaambie watu wakuite nani. Fanya kazi pamoja nao, nao watatafuta jina la kukuita. Na mtu asikudanganye kwamba kuna damu ya juu na damu ya chini. Mimi nimefunga vidonda vya watu wengi wakati wa mwethya, na Kimeu alikuwa mmoja wao.

Haya, nimemaliza, mkono umechoka. Mungu akubariki wewe na huyo msichana. Awape mvua inayotosha na udongo unaobaki. Awape majirani watakaokuja bila kuulizwa wewe ni nani. Nyumba yenu isimame mahali ambapo korongo halifiki, na watoto wenu wazaliwe humo wakilia kwa nguvu. Na siku watu wakisimama kwenye kilima wakakuita kwa jina lako na la mama yako, mwanangu, itika mara ya kwanza.